Aliyekunywa wa Mwisho

Kwetu Njombe, mwezi wa sita na wa saba, baridi haina adabu. Inapita chini ya mlango, inapanda miguuni, na mtu yeyote mwenye akili zake anausogelea moto. Mwalimu hakuusogelea. Alikaa karibu na mlango, pale pale upepo unapopitia, kajifunika blanketi la kijivu mpaka masikioni. Ukimwambia, "Mwalimu, sogea uote moto," anakujibu, "Moto na mimi tuliachana zamani. Talaka tatu."

Mama alikuwa anamkemea. "Wewe Mlutheri, talaka tatu umezitoa wapi?"

"Kwa Waislamu wa sokoni Njombe, mama. Zinauzwa rahisi."

Sisi watoto tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Wakubwa hawakucheka, maana wao walikuwepo siku alipoungua. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjamana kama ngozi iliyoachwa juani, na vidole viwili vilikuwa vimeshikana. Alikuwa na kifafa. Nalisema neno hili wazi kwa sababu kijijini kwetu halikusemwa. Watu walisema "ule ugonjwa", wakatazama pembeni.

Siku ile alikuwa amekaa jikoni kwa ndugu zake, akaanguka, mkono ukaingia motoni. Watu walikuwepo, tena wengi. Hawakumtoa upesi. Waliogopa povu. Kwetu iliaminika kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, nawe umekwisha. Ukila naye sahani moja, umekwisha. Ukinywea chombo alichonywea, usimlaumu mtu. Wakasimama wakipiga kelele, wanamwita Mungu, mpaka mama mmoja akachukua mpini wa jembe akamsukuma nao nje ya moto. Kwa mpini! Mimi nilisimuliwa tu, lakini kila nikifikiri nakasirika upya, na nina umri wa kutokasirika tena.

Siku hizo Mwingereza ndiye aliyetawala, Bwana DC alikaa bomani Njombe, na kijiji chetu kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kidugala. Shule ilikuwa chumba kimoja cha udongo kando ya kanisa. Mwalimu alinifundisha kusoma humo kabla hajaondolewa. Alifundisha kwa ukali, na kwa uzuri ambao sijauona tena. Alikuwa na desturi ya kusimama kimya mbele yetu, tukidhani amesahau somo, kisha anauliza swali kuhusu mtoto aliyekuwa anasinzia nyuma, siyo kuhusu somo. "Fulani ameota nini?" Ole wako kama ni wewe.

Aliondolewa siku aliyoanguka mbele ya ubao. Hakuumia, wala hakuna mtoto aliyeumia. Lakini kesho yake wazazi walikuja kuchukua watoto wao mmoja mmoja, kwa heshima kubwa, na shikamoo nyingi, wakisingizia mavuno. Mavuno gani mwezi wa pili? Akabaki na madawati. Baadaye akaja kijana mwingine kufundisha, lakini jina likabaki kwa mwenyewe: hata mtu aliyemchukua mtoto wake alimwita Mwalimu mpaka mwisho.

Baada ya hapo alilima viazi vyake na kutengeneza viatu vya watu. Nchi yetu ya mawe na matope inamaliza viatu, kwa hiyo kazi haikukosekana. Waliviacha juu ya ua wake, wakapiga kelele kutoka njiani, "Mwalimu, kisigino!" Jioni walivikuta pale pale, vimekwisha. Viatu walimletea, mkono hawakumpa.

Sasa msije mkadhani namchora malaika. Mwalimu alikuwa na kiburi, mchoyo wa tumbaku, na mwepesi wa kununa. Kisha, sikilizeni hili: aliogopa wagonjwa. Ndiyo, yeye! Mtu akikohoa karibu naye anahama. Mdogo wangu alipopata upele, Mwalimu alimnyooshea kidole kutoka mbali: "Wewe, kaa huko huko na mikono yako!" Mama akamwambia, "Mwalimu, wewe wa kusema hivyo?" Akajibu bila aibu, "Upele unaambukiza, mama. Wangu ndio hauambukizi. Tusichanganye mambo." Nani alimwambia kwamba wake hauambukizi, wakati huo hakuna aliyejua. Aliamua tu mwenyewe, na miaka mingi ilipita kabla daktari hajampa haki.

Na bado, pamoja na kuamini hivyo, hakula na mtu. Alikuwa na sahani yake ya bati yenye ua jekundu katikati, anatembea nayo kwenye mfuko wa shingoni. Msibani, harusini, anaitoa, anapakuliwa, anakwenda kukaa ukutani. Akimaliza anaiosha mwenyewe kwa majivu, hamwachii mwenye nyumba. Mara moja mama alimwekea tonge na mboga kwenye sahani yetu kubwa, akamwita, "Njoo ule na wanao hawa." Mwalimu alisimama muda akiitazama ile sahani. Kisha akatoa yake.

"Mama," akasema, "usinipe kitu ambacho kesho utaninyang'anya."

Mama alilia alipoondoka. Baba akasema kilio hicho cha nini, mtu mwenyewe kakataa. Nami nikaona, nikiwa mdogo vile, kwamba baba alikuwa amefarijika.

Lakini pale ambapo hakuweza kuja na chombo chake ni kanisani. Kwenye Meza ya Bwana kikombe ni kimoja. Mchungaji alikuja kwetu mara chache kwa mwaka, na Jumapili hiyo watu walitoka kwa mistari, wanapiga magoti mbele, mkate, kisha kikombe kinapita. Mwalimu alikaa kwenye benchi lake mpaka mstari wa mwisho urudi. Ndipo anainuka, peke yake, viatu vyake vikisikika kanisa zima. Anapiga magoti peke yake mahali palipotengenezwa kwa watu kumi. Anakunywa. Mchungaji anafunika kikombe. Hakuna sheria iliyoandikwa, hakuna aliyemwambia. Ilikuwa hivyo tu, na sote tuliimba wimbo wa mwisho tukiwa tumetazama vitabu.

Niliwahi kumuuliza, nilipokuwa kijana mwenye mdomo, kitu gani anakitamani kuliko vyote. Nilidhani atasema mke, maana msichana mmoja wa kijiji cha Kichiwa alikuwa amemwacha kwa sababu ya ugonjwa huo huo. Akasema, "Natamani siku moja ninywe, halafu mtu wa kulia kwangu anywe, wala asifute kikombe." Akaendelea kushona kiatu.

Dawa alijaribu zote ambazo nchi yetu ilikuwa nazo. Alifukizwa, alichanjwa, alinyweshwa mizizi ikamharisha wiki nzima. Mganga mmoja kutoka upande wa Makete alimkataza nyama ya mbuzi maisha yake yote. Mwalimu alisema hiyo ndiyo adhabu iliyomuuma kuliko ugonjwa, akaivunja kwenye harusi iliyofuata. Mambo haya aliyasimulia kwa kuchekesha. Akiwa peke yake, nadhani hayakumchekesha.

Hapa lazima nieleze kitu kuhusu sindano ya buba, la sivyo hamtaelewa yaliyofuata. Watu wengi kwetu waliugua buba, vidonda vinavyokula miguu na uso. Kisha ikaja sindano. Mtu alibebwa kwenda, akadungwa, na baada ya siku chache akarudi anacheza ngoma. Wazee wetu waliijua hospitali kwa sindano ile. Kwao dawa ya kweli ilikuwa hivyo: inaingia, inafukuza ugonjwa, inakwenda zake. Hata homa, ukimeza kwinini na homa ikakimbia, nani anaendelea kumeza? Uchungu ule!

Sasa Mwalimu akasikia kwamba hospitali moja ya misheni, mbali, imepata daktari anayewaangalia watu wa kifafa. Akaenda. Alikaa huko mpaka tukadhani amekufa. Siku aliyorudi alikuja kwetu moja kwa moja, akakaa mahali pake pa mlangoni kama kawaida, akatoa kichupa cha vidonge vyeupe vidogo, akakiweka sakafuni ili tukione.

"Daktari kasema hakuna kitu kwenye mate," akatuambia. "Hakuna. Ni humu." Akagonga kichwa. "Kasema zamani hata wao Wazungu walikuwa hawajui, waliwafungia watu kama mimi, wakawapa dawa za chumvi zinazomfanya mtu apumbae. Sasa wamechunguza. Wamekaa miaka wanachunguza kichwa cha mtu, wakagundua vidonge hivi."

Baba akauliza, "Vinaondoa?"

"Vinazuia. Haviondoi. Nimeze kila siku ya Mungu."

"Mpaka lini?"

"Hakusema lini."

Niliona baba anafikiria ile sindano ya buba.

Mwalimu akameza. Alisinzia sana mwanzoni. Ukipita unamkuta kalala na kiatu cha mtu mapajani. Kisha usingizi ukapungua. Mvua zikaja zikaenda, hakuanguka. Baridi ikaja ikaenda, hakuanguka. Watu walianza kumsubiri aanguke, nisiwafiche; kila akikohoa wanageuka. Hakuanguka. Siku moja nikamkuta anapiga mluzi. Nikamwambia, "Mwalimu, kumbe unajua mluzi!" Akasema alikuwa ameacha kwa sababu mluzi ulikuwa unamwita mwenyewe kwenye furaha asiyoweza kuilipia. Maneno yake yalikuwa hivyo. Nami nilifurahi kama ni mimi niliyepona.

Kwa kila mwezi uliopita bila kuanguka, macho yake yaligeukia kanisani. Akaomba kwa mzee wa kanisa ashike mstari na wenzake kwenye Meza ya Bwana. Mzee huyu alikuwa jirani yetu, mtu mwema, aliyechimba visima vya wajane bila kuitwa. Nasema hivyo makusudi, msimchukie. Mazungumzo yao nilikuwepo, maana yalifanyika kwenye shamba letu, sote tukiwa tumeshika majembe.

"Mwalimu, umepona?"

"Sianguki, mzee."

"Sikuuliza kama unaanguka. Umepona?"

"Daktari kasema niendelee kumeza."

Mzee akakuna kichwa kwa huzuni ya kweli. "Sasa nitawaambiaje watu? Mtu aliyepona hamezi dawa. Wakikuona unameza watasema ugonjwa upo, umelala tu. Sisi tuliodungwa buba, nani anadungwa tena? Wewe acha vidonge, watu waone. Ukikaa bila vidonge na bila kuanguka mpaka mchungaji aje, mimi mwenyewe nitapiga magoti karibu na wewe. Ninywe baada yako."

Jioni nilimfuata Mwalimu kwake nikamkumbusha. Daktari alikuwa amemwonya wazi, tena kwa ukali: usiache ghafula, ukiacha ghafula utarudi kubaya kuliko ulikotoka. Alikuwa amenisimulia mwenyewe.

"Najua," akasema.

"Sasa?"

"Daktari anakijua kichwa changu. Hazijui Jumapili zangu."

Nikagombana naye. Nilimwita mjinga, mwalimu wangu! Hakukasirika. Alifunga kichupa kwenye kitambaa, akakichomeka juu kwenye nyasi za paa, akanipa kiatu cha baba nikipeleke.

Mchungaji alikuja haraka kuliko tulivyotegemea, na mpaka siku hiyo Mwalimu hakuwa ameanguka. Kijiji kizima kilikuja. Mwalimu alivaa koti lake la zamani la kufundishia. Mstari wa kwanza ulipoitwa, mzee wa kanisa akasimama, akamshika mkono, ule wa moto, mbele ya watu wote. Wakaenda. Wakapiga magoti katikati ya wengine: kushoto kwake mama mmoja wa kwaya, kulia kwake mzee. Nilikuwa kwenye benchi la pili, nikaona mgongo wake unatetemeka. Nikasema moyoni, ni furaha tu.

Kikombe kilifika kwake. Akanywa, nakuapieni, alikunywa. Mchungaji akakisogeza kwa mzee, na mzee alikuwa amekwisha fungua mdomo. Ndipo Mwalimu akalia ile sauti ambayo si ya mtu, akaanguka nyuma, mguu wake ukapiga mkono wa mchungaji, divai ikamwagika kwenye kanzu nyeupe.

Siwezi kuwalaumu watu kwa kukimbia. Walikuwa wamefundishwa kukimbia tangu kuzaliwa. Mama wa kwaya alikuwa anajifuta mdomo kwa kanga mpaka midomo ikatoka damu. Mchungaji alimshika Mwalimu kichwa, mimi miguu, na mzee wa kanisa alibaki amepiga magoti pale pale, mdomo wazi, hasogei wala hakimbii. Mitetemeko haikukoma upesi. Iliisha, ikarudi, ikaisha, ikarudi.

Alipozinduka alitazama kushoto, akatazama kulia. Mahali pa watu kumi, hakuna mtu. Akaomba koti lake liwekwe sawa.

Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameondoka, viatu vya watu vyote vikiwa vimekwisha na kupangwa juu ya ua. Kichupa kwenye nyasi za paa hakikuwepo. Hakuaga mtu, hata mimi, na kwa muda mrefu nilimnunia kwa hilo. Mzee wa kanisa alizeeka kwa ghafula. Alisafiri mpaka kwenye ile hospitali kumtafuta, na daktari akamweleza kwa subira yote yale ambayo Mwalimu alikuwa amekwisha tueleza. Akarudi anasimulia kwa kila mtu kwamba hakuna kitu kwenye mate. Watu walimsikia yeye. Mwalimu alikuwa amesema hayo hayo wakamwona mtetezi wa tumbo lake.

Mimi nikawa mfanyabiashara wa viazi. Nilinunua Kichiwa na vijiji vya jirani, nikapakia kwenye malori mpaka Makambako, pale njia zinapokutana, watu wa kila kabila wanashuka, wanakula, wanapanda, hakuna anayemuuliza mwenzake ukoo. Kila nilipokwenda mzee alinisindikiza mpaka barabarani. "Ukimwona, mwambie arudi. Mwambie mchungaji mpya na wazee wote tumekubaliana. Atakaa mbele. Atakunywa wa kwanza, sisi wote nyuma yake." Alikuwa anasema huku machozi yanamlenga, mtu mzima yule.

Nilimwona mchana mmoja, nyuma ya malori, kwenye kibanda cha chakula. Wapakiaji walikuwa wameizunguka sahani kubwa ya ugali na maharage, wanagombania, wanatukanana kwa mapenzi. Na mkono mmoja uliokunjamana ulikuwa umeshika ukingo wa sahani isiteleze, wa pili unamega tonge. Mvi zilikuwa zimemjaa. Alikuwa anacheka na mdomo umejaa.

Mdomo wangu ulikuwa umekwisha anza kumwita. Aliinua macho akaniona. Sijawahi kuombwa kitu na mtu yeyote kama nilivyoombwa na macho yale.

"Karibu, mgeni," akasema upesi, kwa sauti kubwa. "Sogea ule. Unatoka wapi?"

"Njombe," nikasema.

"Mnafahamiana na Fundi?" mpakiaji mmoja akauliza.

"Hapana," nikasema. "Ndiyo kwanza namwona."

Wakasogea wakanipa nafasi karibu naye. Tukala. Nilikuwa nimemjua tangu utoto wangu, na ilikuwa mara ya kwanza mikono yetu kukutana kwenye sahani moja. Alinisukumia maharage upande wangu, kama mwenyeji anavyomfanyia mgeni. Mtungi wa maji ukapita. Alikunywa yeye, akanywa kijana wa kulia kwake, hata hakuutazama ukingo.

Baada ya kula nikasema nataka ndala za tairi, ndiyo kazi yake pale. Akanikalisha kwenye jiwe, akaweka mguu wangu juu ya kipande cha tairi, akaanza kuuchora kwa chaki, kainama.

"Unameza?" nikamnong'oneza.

"Kila siku. Wanajua ni dawa ya tumbo."

"Mzee anakuita. Wote wanakuita, Mwa..." Akanibana kidole cha mguu, nikalimeza neno. "Wamekwisha elewa sasa. Wamesema utakaa mbele. Utakunywa wa kwanza."

Chaki ikasimama kwenye kisigino changu.

"Mbele," akasema polepole. "Nilikuwa nyuma peke yangu, sasa wataniweka mbele peke yangu. Wanitazame." Akamaliza kuchora vidole. "Hapa niko katikati, mwanangu. Niache katikati."

"Nami nisije tena kukuona?"

Hapo ndipo sauti yake ilipovunjika. "Wewe ukija mara nyingi, watauliza."

Wakamwita kutoka kibandani: chai inapoa, Fundi, au tuinywe? Akasimama, akajifuta chaki mikononi, akaniambia kwa sauti ya kila mtu kwamba ndala zitakuwa tayari jioni, nimtume mtu azifuate. Kisha akarudi kwao, wakabanana, akaketi.

Nilirudi nyumbani kesho yake. Mzee wa kanisa alikuwa amekaa barabarani ananisubiri, fimbo magotini, na kabla sijashuka vizuri akaniuliza. Nikamwambia Makambako ni kubwa, mzee wangu, na watu ni wengi, sijamwona.